Waliotimiza Miaka Mia

Alhamisi ile Lusekelo alitumwa usipa, dagaa wa ziwa letu. Kwa mtu anayekaa Mbamba Bay hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo. Unashuka ufukweni na mfuko wako, unachagua fungu, unavutana bei kwa adabu, unapanda kurudi. Tumpe, mkewe, alikuwa ameshabandika maji ya ugali. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni, jua linazamia upande wa Malawi, na mwezi mpevu ulikuwa karibu kutoka, kwa hiyo wavuvi hawakuwa na haraka ya kuingia ziwani. Usipa huvuliwa kwa taa, na taa haishindani na mbalamwezi.

Lusekelo Mwaipopo alikuwa afisa TEHAMA wa wilaya. Mtu wa Tukuyu, miaka thelathini na minne, mpole, msafi, shati limepigwa pasi hata siku ya kwenda shambani. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ule wa wataalamu wetu wengi: alipenda sana kuulizwa, na hakupenda kuuliza. Ugonjwa huo ndio uliotufikisha hapa tulipo.

Kwenye vichanja vya kuanikia alimkuta Joakim akikunja turubai. Joakim alikuwa mvuvi na jirani yake, nyumba kwa nyumba, hatua ishirini hivi. Mtoto wake Xaveri na Emiliana wa Lusekelo walikuwa wamezaliwa mwezi mmoja, Machi ya mwaka huu, na wakabatizwa siku moja katika parokia ya Lihutu.

"Umechelewa, mtaalamu. Wamebaki hawa tu," alisema Joakim.

"Nipe hao hao. Xaveri hajambo?"

"Hajambo. Siku hizi halii kabisa. Mama yake anasema ameanza kuwa mkubwa."

"Hata wetu. Tangu Jumapili hajalia."

Wakacheka. Walikuwa baba wawili waliolala usingizi mzito siku nne mfululizo, na kila mmoja alidhani ni bahati yake.

Alipokuwa akipanda, pale njia ya gati inapoachana na ile ya nyumbani kwake, alimwona mwanamke amekaa juu ya jiwe. Mzee, kajifunga kitenge cha WAWATA kama akina mama wa Kikatoliki wafanyavyo siku za sikukuu. Kichwa alikiinamisha, uso hauonekani. Mapajani alikuwa na kifurushi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliitikia kwa Kinyakyusa, kwa kunong'ona. Lusekelo akasimama. Huku kwetu watu husema Kinyasa, Kimpoto, Kimatengo. Lugha ya kwao alikuwa hajaisikia kwa mzee yeyote tangu apangiwe kazi wilayani.

"Mama, umetoka kwetu?"

"Nimekuja na meli."

Wiki ile meli haikuwa imefika. Lusekelo alilijua hilo, lakini huwezi kumwambia bibi wa umri ule kwamba anasema uongo. Hewa ilikuwa na harufu. Haikuwa ya samaki wala ya majani. Ilikuwa harufu ya udongo wa chini, ule mwekundu wenye maji, unaotoka shimo likishafika kifuani.

"Umefika kwa nani, mama?"

"Niliitwa," alisema yule mzee, polepole. "Jumapili. Waliniita kanisani kwa jina langu, na watu wote wakaitikia. Nikajua wananiambia nije nimchukue."

"Umchukue nani?"

"Mtoto amelala?"

Lusekelo hakujua kwa nini alijibu. Pengine ni malezi tu. Mzee akiuliza, unajibu.

"Amelala."

"Vizuri. Asiamshwe."

Alitaka kumsaidia kifurushi ampeleke kwa masista, wampe mahali pa kulala. Akakishika. Kilikuwa chepesi mno. Ilikuwa mbeleko tupu, imekunjwa vizuri. Mzee aliivuta kwa upole ikarudi mapajani.

"Nitakuja mwenyewe," alisema. "Njia naiona."

Lusekelo alikwenda. Mbele kidogo akageuka. Mzee alikuwa bado amekaa, ila sasa uso wake ulielekea juu kilimani, kwenye nyumba ya Lusekelo.

*

Tumpe alikuwa jikoni, mtoto kamlaza kwenye mkeka karibu yake. Emiliana alikuwa macho, katulia, anatazama juu. Lusekelo alimwinamia ambusu. Akarudi nyuma.

"Umemwogesha leo?"

"Mara mbili," alisema Tumpe bila kugeuka. "Hiyo harufu haitoki. Na miguu yake ishike."

Aliishika. Ilikuwa baridi.

"Kesho tumpeleke hospitali," alisema Lusekelo. Halafu akaongea mengine. "Kuna bibi wa kwetu pale njia ya gati. Anasema Jumapili aliitwa kanisani kwa jina."

"Kama mama yako."

"Mama yangu kafanyaje?"

"Si ulimpelekea Paroko jina lake, aombewe? Nilimsikia kwenye orodha. Emiliana Mwaipopo. Nilifurahi, nikasema mume wangu siku hizi anakumbuka."

Lusekelo aliweka mfuko wa usipa chini.

"Mimi sikupeleka jina," alisema. "Nilidhani ni wewe."

Maji yalichemka. Hakuna aliyeyatia unga.

Inafaa nieleze hapo, maana ndipo penyewe. Mbili Novemba ni siku ya marehemu wote. Mwaka huu ilianguka Jumapili, kanisa likajaa mpaka nje. Padri Augustino, Paroko, alisoma majina ya wafu wa parokia, karibu mia nne, kwa haraka haraka, na kila baada ya majina kumi watu waliitikia wapumzike kwa amani. Na huku kwetu mtoto hurithi jina la babu au bibi aliyetangulia. Ndiyo heshima. Kwa hiyo hakuna mzazi aliyeshtuka. Aliyesikia Xaveri alimkumbuka babu Xaveri. Lusekelo aliposikia Emiliana Mwaipopo, alimkumbuka mama yake aliyezikwa Tukuyu mwaka 2019, machozi yakamlengalenga, akamkumbatia mwanawe, akaitikia na wenzake. Kwa sauti kubwa.

Lakini mama yake hakuwahi kukanyaga Lihutu. Katika madaftari ya parokia ile alikuwemo Emiliana Mwaipopo mmoja tu, naye alikuwa amelala pale mkekani.

"Nipe funguo za pikipiki," alisema Lusekelo.

*

Ile kompyuta ya parokia, iliyotoa orodha ya majina, aliitengeneza yeye.

Mashine ya zamani ya parokia ilikufa Julai. Wafadhili wakatuma fedha, Lusekelo akajitolea, akapanda Mbinga hadi Songea, akanunua vifaa kimoja kimoja na kuviunganisha mwenyewe kwa mkono wake. Ilikuwa mashine ya kisasa hasa. Padri Augustino aliinyunyizia maji ya baraka, picha zikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la waumini, Lusekelo akapigiwa makofi. Tatizo likabaki programu. Bruda Pankras, marehemu, aliiandika miaka ya themanini kwa ajili ya ubatizo, ndoa na maziko. Lusekelo alishauri iandikwe mpya. Paroko akasema hapana, ile ni kumbukumbu ya Bruda, na kuanza kuandika upya majina elfu thelathini ni kazi ya nani? Basi Lusekelo akaifanya mashine mpya ijifanye ya zamani, programu ikadanganyika kwamba iko nyumbani kwake, ikafanya kazi. Tena kwa kasi. Orodha ya marehemu iliyochukua siku tatu kuandaliwa ikachukua sekunde nne. Alijisikia fundi kweli kweli.

Na aliyekuwa akiitunza programu ile kwa miaka zaidi ya ishirini, Mama Kunigunda, karani, akaambiwa apumzike. Wazo lilikuwa la Lusekelo. Mama yule aliomba abaki mpaka Novemba ipite.

"Mwanangu, mwezi wa Oktoba mimi huwa na..."

"Mama," Lusekelo alimkatiza akicheka, "kazi yako yote ya Oktoba sasa inaisha kabla hujapiga chafya."

Watu waliokuwepo ofisini walicheka pia. Mama Kunigunda alikusanya kalamu zake, akapanda gari la Mbinga, akarudi kwao Mpepai kwenye kahawa zake. Hakuna aliyemuuliza Oktoba huwa na nini.

Sasa Lusekelo alifungua ofisi ya parokia kwa ufunguo aliokuwa nao. Saa moja na nusu. Akawasha taa, akawasha mashine. Feni zikaanza kuvuma, taratibu, kisha kwa nguvu. Alikaa akisubiri, na ndipo harufu ikamfikia.

Udongo.

Ilitoka ndani ya mashine. Mashine aliyoifungua mwenyewe kwenye maboksi yake, iliyokuwa na miezi mitatu tu tangu itoke kiwandani.

Alizuia pumzi. Akafungua orodha ya marehemu, akaandika jina.

MWAIPOPO EMILIANA. KUZALIWA 25-03-1925. MIAKA 100. MAREHEMU.

Juu yake, wengine. Chini yake, wengine. Aliwahesabu kwa kidole kwenye kioo. Kumi na wanne, wote wa mwaka 1925, wote miaka mia. Wa tisa alikuwa Xaveri.

Alielewa mara moja, na kuelewa huko kulimuuma. Bruda Pankras aliandika enzi ambazo mwaka uliwekwa kwa tarakimu mbili tu, na kumi na tisa ya mbele programu ikajiwekea yenyewe. Aliyezaliwa 2025 kwake ni wa 1925. Tena Bruda aliweka kanuni. Watu wa milimani walikuwa wakizika bila kuleta taarifa, madaftari yakajaa wazee wasiokufa. Kwa hiyo kila Oktoba programu iwatafute wanaotimiza miaka mia mwaka huo, na asiye na kumbukumbu ya kuzikwa ihamishie jina lake kwa wafu. Ni kanuni ya busara kabisa. Ila tangu mwaka 2000, waliotimiza mia kila mwaka ni watoto wachanga.

Alijaribu kulifuta jina.

MAREHEMU HAONDOLEWI.

Akajaribu tena. Akarudisha tarehe ya mashine nyuma. Akaingia kwa mlango wa nyuma wa programu anaoujua yeye. Jibu likawa lile lile, kwa herufi zile zile za kijani, na feni zikawa zinavuma kwa sauti ya mtu anayehema usingizini.

Aliichapa orodha. Nyuma ya mlango, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na namba ya simu ya Mama Kunigunda. Akapiga. Ikakata. Akapiga tena. Mara ya tano ikapokelewa.

"Shikamoo, mama. Ni Lusekelo wa kompyuta."

Hakuitikia hata salamu.

"Wamesomwa?" aliuliza yule mama.

"Wamesomwa, mama."

"Subiri nipande shambani. Hapa nyumbani mtandao unakatika."

Alimsikia akipanda, akihema, majani ya kahawa yakimgusa. Alipoongea tena aliongea kwa kunong'ona, peke yake huko juu kwenye mteremko.

"Mimi kila Oktoba nilikuwa nakaa na daftari la ubatizo, nawatoa mmoja mmoja kabla mashine haijafunga orodha. Siku tatu. Mwaka 2003 malaria ilinilaza, wakasomwa. Tulizika watoto sita kabla ya Krismasi. Bruda alisema ni homa. Lakini mwaka uliofuata aliniletea boksi la kalamu nyekundu, akaniambia Kunigunda, usiugue tena Oktoba."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilianza kukuambia."

Lusekelo alifumba macho.

"Sasa sikiliza," aliendelea. "Wale hawana ubaya. Mahoka ni wazee wetu waliotangulia tu, wakiitwa wanakuja. Wameitwa mbele ya altare, watu wote wakaitikia. Wanakuja kumchukua mwenye jina lao. Umeshamwona wa kwako?"

"Jioni hii. Ana mbeleko."

"Basi ni leo. Mvueni mtoto hilo jina. Mpeni la mtu aliye hai, mlitamke wote wawili, baba na mama. Akija mlangoni ataita mara tatu. Msiitike. Hata akilia, msiitike. Mtu yeyote ndani ya nyumba akiitika, ni kama umempa mkononi."

"Asante, mama. Asante sana."

"Usinishukuru. Waambie na wengine usiku huu huu. Mimi majina yao sina. Wewe unayo."

*

Alimpigia Paroko kwanza. Alitaka ruhusa, yaani alitaka mtu mwingine wa kubeba mzigo naye. Padri Augustino alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Lusekelo, mwanangu. Unataka upite nyumba kumi na nne usiku uwaambie watu mizimu inakuja kuchukua watoto kwa sababu ya kompyuta?"

"Baba, wa kwangu nimeshika miguu yake."

"Mpeleke hospitali. Sisi tutakaa kesho tuliangalie hilo kosa la orodha. Na ufikirie jambo moja. Wakiuliza nani alimwondoa mama yule ofisini, utawajibu nini?"

Padri hakulisema kwa ubaya. Na sitasema alimzuia, maana hakumzuia. Alimpa kisingizio tu, na Lusekelo akakipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani, Tumpe hakuuliza maswali mengi. Alimpakata mtoto katikati ya kitanda, taa imezimwa, mbalamwezi inaingia dirishani.

"Asnath," alisema. Lilikuwa jina la dada yake, mzima wa afya, muuza vitenge Tukuyu. "Wewe ni Asnath."

"Wewe ni Asnath," alisema Lusekelo. Alimpenda sana mama yake. Jina lile ndilo kitu pekee chake kilichokuwa kimebaki juu ya ardhi.

Wakakaa.

Saa tatu hivi mbwa wa Joakim alibweka mara moja, akanyamaza.

Nyayo. Zilipanda kutoka upande wa gati, za mtu mzee, moja... moja... Kokoto zikakwaruza. Harufu ikaingia kabla yake, chini ya mlango, ikajaa chumba. Nyayo zikasimama.

"Emiliana."

Ilikuwa sauti iliyomwamsha Lusekelo kila asubuhi ya shule kwa miaka saba. Mwili wake wote ulitaka kuitikia. Tumpe alimbana mkono, kucha zikamwingia.

"Emiliana. Mjukuu wangu."

Mtoto alifumbua macho. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Emiliana."

Midomo ya mtoto ilifunguka. Wa miezi saba, hajui hata kusema mama. Ulimi ukapanda, kama wa mtu anayetaka kutamka neno analolijua. Tumpe akamsukumia ziwa mdomoni kwa nguvu, akamgandamiza kifuani, na kile alichotaka kusema kikaishia humo. Mpaka leo Tumpe hasemi alihisi nini.

Kisha, nje, mzee akaanza kulia. Alilia pole pole, kilio cha mtu aliyetoka mbali kwa miguu akakuta mlango umefungwa.

"Lusekelo," alisema. "Baba. Umenivua?"

Lusekelo aliuma shuka.

Nyayo zikashuka. Harufu ikapungua. Na kitandani, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, mtoto akalia, kilio kikubwa cha hasira na njaa, miguu yake ikaanza kupata joto. Tumpe alicheka na kulia kwa pamoja. Lusekelo aliwakumbatia wote wawili. Nasema ukweli, kwa dakika ile alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani.

Halafu akasikia nyayo nyingine.

Hizi zilikuwa nzito, za mwanamume, na zilikuwa na maji ndani yake. Babu Xaveri, baba yake Joakim, alizama ziwani zamani. Zilipita nyuma ya dirisha la Lusekelo. Zikaenda hatua ishirini.

Tumpe aliacha kucheka.

"Lusekelo. Na Joakim je?"

Orodha ilikuwa mfukoni mwa shati. Simu ilikuwa mkononi. Namba ya Joakim ilikuwa ya tatu kutoka juu, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akipiga kila akihitaji samaki. Hatua ishirini. Hata asingetoka, angeweza kupiga kelele dirishani. Lakini kelele ni kuitika, alijiambia. Na mama bado yuko karibu. Na Paroko amesema kesho. Alijiambia mengi kwa muda mfupi sana.

"Xaveri," ikaita sauti kule, na kikohozi.

Hakuna aliyejibu.

"Xaveri."

Tumpe alikuwa akimtazama tu, mtoto mikononi. Lusekelo aliinuka, akafika mlangoni, akashika komeo. Likawa la baridi. Akasimama hapo ameshika.

"Xaveri."

Joakim alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Mgeni akibisha usiku, tena kwa sauti ya mzee, haachwi nje.

"Naam," aliitikia Joakim kutoka ndani, kwa sauti ya usingizi. "Karibu, baba. Nafungua."

*

Wiki ile parokia ya Lihutu ilizika watoto wanne. Madaktari walikuja kutoka Songea, wakachukua damu, wakasema ni homa, majibu yatafuata. Mbali na wa Lusekelo, wengine tisa wa kwenye orodha walibaki, na hakuna ajuaye vizuri kwa nini. Mmoja mama yake hakuwahi kumwita jina la ubatizo, alimwita kwa jina la utani. Wazazi wa mwingine walikuwa wamelala naye msibani, nyumba tupu. Lusekelo aliwapitia Ijumaa asubuhi, mlango kwa mlango, akiwashauri kubadili majina bila kusema sababu. Wengi walimshangaa. Mzee mmoja alimfukuza, akamwambia jina la baba yake si nguo ya mtumba.

Tumpe hakumsemesha. Alimpikia, alimfulia, alimwekea maji ya kuoga. Usiku alilala na mtoto, uso ukutani.

Jumatatu Padri Augustino alimwomba akakae ofisini aandike maziko, maana karani hayupo na wazazi wanahitaji vyeti. Mama Kunigunda alipigiwa simu arudi. Alisema kahawa yake inataka palizi.

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa Joakim. Alikuwa amevaa shati la kanisani, macho mekundu, mikono kaiweka magotini. Alimsalimia Lusekelo kwa adabu, akamuuliza habari za mtoto.

"Hajambo," alisema Lusekelo.

"Mungu ashukuriwe. Huyo mmoja basi atukulie."

Lusekelo aliandika jina. Aliandika tarehe ya kufa, saba Novemba. Akabonyeza. Alijua kitakachotokea kabla hakijatokea, akajaribu kukigeuza kioo pembeni, lakini meza ya parokia ni ndogo na Joakim alikuwa amekaa karibu.

KUMBUKUMBU IPO. MAREHEMU. AMESHASOMWA 02-11.

Joakim alisogea. Alisoma taratibu, midomo ikitembea, kama asomavyo mtu aliyeishia darasa la saba na anayetaka kuwa na hakika.

"Mtaalamu," alisema. "Mbona tarehe hii mtoto wangu alikuwa ananyonya?"

Feni zilivuma.

"Kompyuta imekosea, kaka."

Joakim aliitazama ile mashine, taa zake za buluu, boksi lake linalong'aa. Kisha akamtazama jirani yake, bila hasira yoyote. Alikuwa anataka tu kuelewa.

"Si mlituambia ni mpya?"